Jicho Lilelile Mara Nne: Jibu Kuhusu Fomaika Yenye Sura ya Mbao

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nimetengenezewa kabati la nguo lenye milango minne, kila mmoja sentimita 220 kwa 45, na droo tatu pembeni za sentimita 60 kwa 25. Fundi alinionyesha kipande cha fomaika ya mwaloni wenye mafundo, ukubwa wa kiganja, nikakipenda. Akaibandika juu ya MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, upande wa ndani akapiga rangi nyeupe. Sasa kazi imekwisha na moyo hautulii. Kuna fundo lenye umbo la jicho: liko mara mbili kwenye mlango wa kwanza na mara mbili kwenye wa tatu. Droo zinaonekana kukolea kuliko milango, ilhali fundi anaapa zimetoka kwenye shiti zilezile. Na mlango wa tatu umeanza kupinda kule juu. Mgeni wa kwanza kuliona alisema, 'Ah, kumbe si mbao.' Je, nimeuziwa kitu bandia? Mwezi ujao naanza jiko, na sakafu yangu ni mwaloni halisi uliopakwa mafuta. Nitafute fomaika inayofanana na sakafu, au niachane nayo nitumie vinia?"*

Ndugu, nimelisoma swali lako mara mbili, kisha nikachukua karatasi na penseli nikachora shiti. Nianze na nilichokiona kwenye mchoro huo, maana kinajibu nusu ya malalamiko yako.

Shiti ya kawaida ya fomaika ina urefu wa milimita 2440 na upana wa milimita 1220. Kwa vipimo vya milango yako, shiti moja inatoa milango miwili, halafu unabaki ukanda mwembamba wa kama sentimita 32 kwa urefu wote. Milango minne ni shiti mbili. Naona mlango wa kwanza na wa tatu ilikatwa ubavu uleule wa shiti, kila mmoja kwenye shiti yake, na wa pili na wa nne ubavu wa pili. Ndiyo sababu jicho linatokea kwenye wa kwanza na wa tatu, na haliko kwenye ile mingine. Droo nazo zilitoka kwenye ule ukanda uliobaki. Ili mistari ya mbao isimame wima kwenye droo ya upana wa sentimita 60, unahitaji kipande chenye upana huo, na ukanda wa sentimita 32 haukuwa nao. Basi fundi akazilaza.

Kwa hiyo hukuibiwa. Fundi wako alibana matumizi, na kwa hesabu ya shiti alibana vizuri sana. Kosa lake ni kutokukuuliza kabla ya kukata. La kwako, niwie radhi, ni kuichagua picha ya mita mbili na nusu kwa kuangalia kiganja chake kimoja.

Nimesema picha, na neno hilo nataka tulitazame, kwa sababu swali la "bandia" linatokana nalo. Wengi hudhani fomaika ni plastiki iliyotiwa rangi ya mbao. Sivyo hasa. Zaidi ya asilimia 60 ya uzito wake ni karatasi, na zilizobaki ni resini, yaani gundi ya kiwandani inayoganda ikawa ngumu. Chini kuna karatasi kadhaa za krafti, ndugu wa zile za mifuko ya saruji, zilizoloweshwa kwenye resini ya fenoli. Hizo ndizo zinazoacha ule mstari wa kahawia unaouona ukiangalia ukingo. Juu yake kuna karatasi moja iliyochapwa picha, imeloweshwa kwenye resini ya melamini. Mara nyingi juu ya picha kuna karatasi nyingine nyembamba ambayo ikiiva hugeuka kuwa wazi kama kioo, ndiyo ngao. Tabaka zote huingia kwenye mashine ya kugandamiza, joto likizidi nyuzi 120 za selsiasi na mgandamizo usiopungua megapaskali 5, yaani kama mara hamsini ya ule wa hewa inayotuzunguka. Resini ikishaiva humo haiyeyuki tena hata uipashe moto upya. Ndiyo maana fomaika nzuri huvumilia kusuguliwa na kumwagikiwa kuliko mbao nyingi zilizopakwa vanishi.

Mwanzoni kitu hiki hakikuwa na habari na fanicha. Daniel O'Conor na Herbert Faber, wahandisi wa Marekani, walianzisha kampuni yao mwaka 1913 mjini Cincinnati wakitengeneza vihami vya umeme vya kuchukua nafasi ya madini ya mika, na jina Formica likatoka hapo: "for mica" kwa Kiingereza, yaani badala ya mika. Kwa kuwa resini ya fenoli ni nyeusi-nyeusi, picha haikuweza kuonekana juu yake. Mwaka 1927 kampuni ikapata hataza ya karatasi ya kuzuia weusi huo usipenye, na hapo ndipo sura ya mbao na ya marumaru zilipoanza kuchapwa. Karibu karne nzima sasa watu wanaigiza mbao kwa karatasi, na ufundi umekua kweli. Ila kuna tatizo moja la uchapaji ambalo umri haujaliondoa, nalo ndilo lililokupata.

Picha ya mbao kwa kawaida huchapwa kwa silinda za chuma. Mbunifu hutafuta ubao halisi, huupiga picha kwa makini, huondoa kasoro asizozitaka, kisha picha inagawanywa kwenye rangi tatu au nne, kila rangi na silinda yake iliyochongwa. Silinda ikimaliza mzunguko mmoja, picha imekwisha. Mzunguko wa pili ni picha ileile. Mzingo wa silinda hizo mara nyingi ni kama sentimita 130. Chukua futi, upime kutoka katikati ya jicho la juu hadi katikati ya jicho la chini kwenye mlango wako wa kwanza. Sitashangaa ukipata kitu cha karibu na hapo. Mlango wa sentimita 220 hauwezi kukwepa: jambo lolote la pekee lililo kwenye picha lina nafasi kubwa ya kujitokeza mara mbili.

Wabunifu wa picha hizi wanalijua hilo. Kazi yao ngumu kuliko zote ni kuhakikisha hakuna kitu kinachopiga kelele kwenye picha. Ukiiangalia picha nzuri ya mbao tulivu hutagundua inapojirudia hata ukitafuta, kwa sababu jicho la binadamu halina pa kushika. Lakini soko likitaka mwaloni wa kishamba, wenye mafundo na nyufa, mbunifu analazimika kuweka mafundo, na fundo ni kama uso wa mtu: ukishauona mara moja, utautambua popote. Hapa pana kinyume cha kuchekesha. Mafundo huwekwa ili mbao ionekane halisi zaidi, na ni hayo hayo yanayoifichua.

Basi mgeni wako hakukamata "plastiki". Alikamata marudio. Hata vinia, ambayo ni mbao kweli, inaweza kumwumbua mwenye nyumba hivyohivyo: hukwanguliwa kutoka kwenye gogo moja kwa unene wa nusu milimita hivi, na majani mawili yanayofuatana yanafanana kama mapacha. Ukiyapanga bega kwa bega bila kufikiri, fundo hujirudia mlango hadi mlango. Maseremala wa zamani walilijua hilo, wakawa wanaligeuza jani moja kama ukurasa wa kitabu ili mapacha watazamane, marudio yakawa pambo.

Sasa niseme kuhusu sura zenyewe, maana hapa ndipo utakapofanya uamuzi wa jiko. Gogo lina pete za ukuaji, moja nje ya nyingine. Ukilipasua kwa kupita ubavuni, msumeno unazikata pete hizo kwa mlazo, na kwenye uso wa ubao unapata umbo la milima: vilele vinavyopandana, kimoja ndani ya kingine. Ukilipasua kuelekea kiini, msumeno unazikata pete wima, na uso unatoa mistari inayokwenda sambamba. Kwa mwaloni kuna nyongeza: miale inayotoka kwenye kiini hujitokeza kama madoa yanayong'aa, yamelala kukingama mistari. Picha zote za mbao unazoonyeshwa dukani, ziwe zimeitwa mjozi, wenge, msaji au jina la kubuni, ni milima au mistari au mchanganyiko wake, na juu ya hapo mafundo yapo au hayapo.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kuliko rangi. Milima inahitaji uwanja. Kilele kimoja kinaweza kuchukua upana wa sentimita 30 au zaidi, na kikikatwa na ukingo wa mlango mwembamba hubaki kipande kisichoeleweka, mlango wa jirani ukianza na kipande kingine kisichohusiana nacho. Jikoni, ambako milango ni midogo na droo ni nyingi, sura ya milima hukatwa vipandevipande kama gazeti. Mistari haina shida hiyo. Ikate popote, bado ni mistari; na msumeno ukila milimita tatu au nne kati ya kipande na kipande, hakuna anayeona pengo. Mimi jikoni huchagua mistari karibu kila mara. Milima naiachia paneli pana za ukutani, meza, au ubao wa kichwani mwa kitanda, na nikiitumia nahakikisha vilele vinaelekea juu.

Picha za mbao zenye rangi ambazo hakuna mti uliowahi kuwa nazo, kijivu cha majivu kwa mfano, zina heshima yake. Haziombi kuaminiwa. Mwaka 1978 Ettore Sottsass, mbunifu wa Italia, alibuni kwa kampuni ya Abet Laminati sura iitwayo Bacterio, nyeupe iliyojaa vijinyoo vyeusi, na miaka mitatu baadaye yeye na wenzake wa kundi la wabunifu la Memphis mjini Milan wakaonyesha fanicha zilizovaa laminati, jina jingine la fomaika, bila aibu yoyote ya kuwa laminati. Si lazima jiko lako lifike huko. Nalitaja kwa sababu watu wengi huhangaika kuigiza mbao wakati walichokitaka ni rangi tulivu na uso usiokwaruzika.

Twende kwenye droo zako. Fundi anasema kweli: ni shiti zilezile, na rangi ni ileile. Kilichobadilika ni jinsi mwanga unavyogonga. Uso wa fomaika yenye sura ya mbao si laini. Mashine ilipogandamiza, bamba la chuma cha pua lenye vijibonde vyembamba liliacha alama zake, na vijibonde hivyo karibu vyote vinakwenda upande mmoja, sambamba na mistari ya picha. Mwanga ukitoka dirishani ukakuta mifereji imesimama, hurudi machoni pako kwa namna moja. Ukiikuta imelala, hurudi kwa namna nyingine. Ni kama kukipapasa kitambaa cha mahameli mbele na nyuma. Kama fundi amekuachia kipande cha masalio, kishike karibu na dirisha ukizungushe robo duara, utaona kinakolea na kufifia mkononi mwako.

Uso huo ndio pia unaotenganisha fomaika ya kawaida na ile ya daraja la juu. Kwenye ya kawaida, vijibonde havijui picha inasema nini: mifereji yake inapita juu ya fundo kana kwamba fundo halipo. Kidole hugundua kabla ya macho. Kwenye aina iliyolinganishwa, bamba limechongwa kufuata picha, kila kijibonde kikikaa juu ya mstari wake na fundo likiwa na umbo lake la kuzama na kuinuka. Pitisha ukucha kwa upole juu ya fundo utajua uko kwenye ipi. Ni kazi ngumu kutengeneza, kwa sababu karatasi ikiloweshwa hutanuka, na picha lazima itue kwenye bamba bila kuteleza.

Wauzaji watakuambia kwamba suluhisho la jiko lako ni hiyo aina iliyolinganishwa. Ni nzuri, hasa ukikaa karibu nayo. Lakini wasichokuambia ni hiki: kwa kuwa picha lazima ikae mahali palepale juu ya bamba lilelile, kila shiti inayotoka ni nakala ya iliyotangulia, fundo kwa fundo, kwa kimo kilekile. Ukichagua ya mafundo, jicho lako litapanga mstari ulionyooka kutoka mlango hadi mlango. Kwa mtu mwenye malalamiko yako, hilo ni kuruka majivu na kukanyaga moto. Ukiipenda, ichukue ya mistari.

Kuna njia ya tatu, ya uchapaji wa kidijitali. Huko hakuna silinda, hivyo picha inaweza kwenda mita kadhaa kabla ya kujirudia. Haipatikani kila mahali na si kila picha imeandaliwa hivyo. Muulize muuzaji swali moja tu: "Picha hii inajirudia baada ya sentimita ngapi?" Akikujibu kwa namba, uko mikono salama. Akikuambia haijirudii kabisa, omba shiti mbili nzima ziwekwe sambamba ukutani, urudi nyuma hatua nne, utazame mwenyewe.

Na hapo ndipo pa kurekebisha namna ya kuchagua. Kiganja kinakuambia rangi na mguso. Hakikuambii marudio, hakikuambii ukubwa wa milima, na hakikuambii ukali wa mafundo. Tazama shiti nzima, ikiwa imesimama kama mlango utakavyosimama, si imelala sakafuni. Kisha chukua kipande kikubwa kadiri watakavyokuruhusu ukakae nacho jikoni kwako asubuhi, jioni, na usiku taa zikiwaka. Wino wa kuchapa na rangi ya mbao halisi vinaweza kulingana kabisa chini ya mwanga wa jua, kisha chini ya taa kimoja kikaelemea uwekundu na kingine ukijani, kwa sababu kila taa hutoa mchanganyiko wake wa mwanga na kila rangi hurudisha sehemu yake. Nimewahi kupitisha paneli za ofisi nzima kwa kuziangalia ghalani mchana mlango ukiwa wazi. Usiku wa kwanza taa zilipowashwa, meza na paneli zilionekana kama zimetoka nyumba mbili tofauti. Tangu siku hiyo sikubali rangi yoyote hadi niione chini ya taa itakayoishi nayo.

Hilo linanifikisha kwenye sakafu. Nakusihi usitafute fomaika inayofanana nayo. Sababu ya kwanza umeshaipata kwenye taa. Ya pili ni nzito zaidi: mbao halisi haitulii. Mwaloni uliopakwa mafuta huiva kadiri mwanga unavyoupiga, ukielekea kwenye rangi ya asali. Mti wa mcheri hukolea, mjozi hufifia. Fomaika imetengenezwa ibaki ilivyo. Ukizilinganisha leo kwa ustadi mkubwa, baada ya muda sakafu itakuwa imekwenda na milango imebaki, na tofauti ndogo kama hiyo huonekana kama kosa, wakati tofauti kubwa huonekana kama uamuzi. Chagua mbao inayoachana na sakafu kwa hatua mbili au tatu wazi za ukolevu, lakini yenye tabia ileile ya joto: sakafu yako ina umanjano, basi usilete kijivu chenye ubluu. Au weka rangi tupu kwenye makabati ya chini, sura ya mbao ibaki juu au kwenye kisiwa tu, yaani kabati la katikati ya jiko. Kama jiko ni langu, ningefanya hili la pili. Sakafu halisi ikizungukwa na picha za mbao pande zote huonewa bure. Ikizungukwa na rangi tulivu huonekana.

Vinia je? Ni nzuri, na ukiwa na mapenzi ya kweli na mbao hakuna picha itakayokuridhisha. Itaiva pamoja na sakafu yako, mwanga utazama ndani ya nyuzi zake kwa namna ambayo karatasi haiwezi, na mkwaruzo mdogo unaweza kusuguliwa na kupakwa upya, kwa tahadhari, maana unene wake si wa kuchezea. Fomaika ikikwaruzika hadi kwenye picha haina msasa wa kuiponya. Lakini vinia hukaa chini ya rehema ya vanishi yake. Pembeni mwa sinki, chini ya birika la mvuke, na mahali mikono yenye mafuta inaposhika kila siku, vanishi ndiyo inayokwenda kwanza, kisha maji. Kwa kabati la sebuleni ningekuambia vinia bila kusita. Kwa jiko linalopikiwa kila siku nasema fomaika, na kama unataka vinia iweke kwenye milango ya juu iliyo mbali na moto wa kupikia na sinki. Na sufuria la moto usilitue juu ya yoyote kati yake.

Usiangukie mng'ao. Sura ya mbao iliyong'arishwa kama kioo hupoteza imani mara moja, kwa sababu macho yanaona picha chini ya kioo. Ikiwa pia imekolea rangi, kila alama ya kidole na kila kijikwaruzo kitasomeka. Isiyong'aa husamehe zaidi.

Nimeuacha mlango wa tatu makusudi, maana huo si suala la sura. Karatasi za fomaika hunywa unyevu na kuutoa, zikitanuka na kusinyaa, karibu mara mbili zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Ikibandikwa upande mmoja wa MDF na upande wa pili ukapigwa rangi tu, pande mbili za mlango zinavutana bila usawa, na ulio na nguvu unashinda. Mlango wa sentimita 220 ni mrefu wa kutosha kuonyesha ushindi huo. Dawa yake hutangulia: upande wa nyuma ubandikwe fomaika ya aina na unene uleule, au ile ya nyuma isiyo na picha inayotengenezwa kwa kazi hiyo. Kuibandika sasa, mlango ukiwa umeshapinda, hakunipi imani. Bawaba zinaweza kurekebishwa zikaficha milimita chache. Zaidi ya hapo, mlango utengenezwe upya.

Kwa hilo mwite fundi aje na rula ndefu iliyonyooka, apime milango yote minne, si huo tu, kwa kuwa yote ilijengwa vilevile. Akague pia kingo: kama ukanda wa ukingo wa chini haukuwekwa, unyevu unaingia huko. Na ukiona fomaika imetuna kama malengelenge, au MDF imevimba karibu na sakafu, usibishane na mtu kwa picha za simu. Hayo yanahitaji mtu wa kugusa, kugonga na kusikiliza, na huenda tatizo ni maji ya ukutani ambayo fundi wa kabati hawezi kuyatibu.

Kama mlango wa tatu usingepinda, ningekupa ujanja wa bure: kugeuza wa tatu na wa nne miguu juu na kubadilishana nafasi. Mlango wa bawaba za kushoto ukipinduliwa unakuwa wa bawaba za kulia, na jicho lingehamia ncha nyingine ya kabati, limepinduka, mbali na pacha wake. Hufaa pale tu matundu ya bawaba yanapolingana umbali kutoka juu na chini, vishikio viko katikati kabisa au havipo, na kingo zote nne zimefunikwa. Wapo wasomaji wengine watakaonufaika nao. Wewe mlango huo unautengeneza upya, basi tumia nafasi hiyo. Tafuta namba ya shiti, ambayo mara nyingi imechapwa mgongoni mwa masalio, ununue moja ya namba hiyo. Wa tatu mpya ukatwe kutoka ubavu usio na jicho. Na kwa kuwa utabakiwa na zaidi ya nusu ya shiti, nyuso za droo tatu zikatwe humo zikiwa na mistari iliyosimama, moja chini ya nyingine kwenye safu moja ya sentimita 60, ili mistari ishuke kutoka droo ya juu hadi ya chini bila kukatika. Vipande hivyo vitatu vinahitaji kimo cha sentimita 75 tu na ziada kidogo ya njia za msumeno, kwa hiyo vinatosha. Shiti mpya ikitofautiana kidogo na ya zamani, tofauti itafichwa vizuri zaidi kwenye droo zilizojitenga pembeni. Kwenye mlango ulio katikati ya wenzake usibahatishe, uweke kwanza karibu nao kabla gundi haijapakwa.

Kwa jiko, kabla hujalipia shiti hata moja, mwombe fundi achore kwenye karatasi kila shiti, kila mlango na kila droo mahali itakapokatwa, na mshale wa kuonyesha mistari inaelekea wapi. Vipande vinavyofuatana kwenye shiti vifuatane pia ukutani, na kila kimoja kiandikwe namba yake mgongoni kwa penseli. Mpango wa namna hii utakula shiti zaidi kuliko ule wa kubana, labda moja au mbili, na fundi atakuambia hivyo. Ni kweli. Mwambie azihesabu tangu sasa, na kwamba mistari isimame kwenye droo zote.